1969: Mwaka wa Mboya, Mwaka wa Tergat

Nikifungua ukurasa wa historia uliopangwa kwa miaka, huruka matukio yote na kushuka moja kwa moja hadi kwa waliozaliwa na waliofariki. Matukio yana wenyewe wa kuyasimulia. Ni yale majina yaliyopangwa kwa tarehe, moja chini ya jingine, bila maelezo, ndiyo hunichelewesha kulala. Na katika miaka yote ya Kenya huru, sijaona mwaka ambao orodha zake mbili zinavutana kama 1969.

Upande wa vifo una kelele. Januari amekufa waziri wa mambo ya nje. Julai ameuawa waziri wa mipango ya uchumi. Oktoba watu wamepigwa risasi Kisumu rais akiwa mjini. Novemba mtu amenyongwa. Upande wa vizazi ni kimya kitupu, maana hakuna mwaka unaojua umemzaa nani. Wafu huandikwa na mwaka wao wenyewe, katika magazeti ya siku ile ile na hotuba za mazishini. Waliozaliwa huandikwa na mwaka mwingine kabisa, huko mbele. Kwa 1969, mwaka huo mwingine ni 1996, nasi tutaufikia.

Nianze na Januari, kwa kuwa kifo cha Januari ndicho kilichosahauliwa zaidi. Clement Argwings-Kodhek hutajwa kila siku jijini Nairobi na watu wasiomfikiria hata kidogo. "Niko Argwings Kodhek, kuna jam." Ni barabara inayopita Hurlingham, na wakati huo iliitwa Hurlingham Road. Alifia barabara iyo hiyo tarehe 29 Januari 1969, na taarifa rasmi ikasema ni ajali ya gari. Kwao Gem wengi hawakuimeza taarifa hiyo, na mauaji ya Julai yalipotokea, waliokuwa na shaka ndogo wakawa na shaka kubwa.

Huyu alikuwa nani? Alisomea sheria Uingereza, akarejea miaka ya 1950 akiwa wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya. Serikali ya kikoloni ilitaka kumwajiri kwa mshahara mdogo kuliko ule wa Mzungu mwenye kazi iyo hiyo. Akakataa, akajitegemea, na akaanza kuwatetea washukiwa wa Mau Mau mahakamani. Tukumbuke kwamba katika miaka ile ya Hali ya Hatari watu zaidi ya 1,000 walinyongwa. Kuwa wakili Mwafrika katika kesi hizo kulihitaji moyo ambao sidhani tunaupima vizuri leo, tunapolitaja jina lake tukilalamikia msongamano wa magari.

Machi 1957 Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane nchi nzima. Kiti cha Nairobi kiligombewa na wakili huyu, na aliyemshinda ni kijana wa miaka 26 kutoka vyama vya wafanyakazi, jina lake Tom Mboya. Basi majina mawili makubwa katika orodha ya vifo vya 1969 yaliwahi kukaa pamoja katika orodha nyingine, ya wagombea, miaka kumi na miwili kabla. Katika siasa za Kenya wapinzani huishia kukutana serikalini, na hawa pia walikutana, wakawa mawaziri wa serikali moja. Kisha wakapishana kwa miezi mitano tu kuelekea kaburini.

Mboya hahitaji utangulizi mrefu. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake aliajiriwa, ingawa kwao hasa ni Kisiwa cha Rusinga. Alikuwa mkaguzi wa afya wa manispaa ya Nairobi kabla hajawa kiongozi wa wafanyakazi. Akiwa na miaka 28 aliongoza kikao cha mkutano wa watu wote wa Afrika kule Accra, mwaka 1958. Mwaka uliofuata ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani, katika mpango ambao yeye ndiye aliyehangaika kuuchangishia fedha. Waliofuata baadaye walikuwa mamia, na kati yao, mwaka 1960, alikuwamo msichana wa Nyeri aliyekuja kujulikana duniani kama Wangari Maathai.

Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, Mboya alikuwa ametoka Addis Ababa mkutanoni. Saa saba mchana hivi alipita duka la dawa la Chhani, Government Road, ile tunayoiita leo Moi Avenue. Mwenye duka alikuwa rafiki yake. Alinunua mafuta ya kujipaka, akaagana, akatoka mlangoni, akapigwa risasi. Alifikishwa Nairobi Hospital akiwa ameshakata roho, au akiikata. Alikuwa na miaka 38.

Ninachoona cha kuumiza zaidi katika habari ile ni yale mafuta. Waziri mwenye nchi nzima kichwani, mtu aliyekuwa akitajwa kila palipozungumziwa atakayemrithi Mzee, yaani Rais Jomo Kenyatta, anapita dukani mchana wa Jumamosi kununua mafuta, kama mtu yeyote. Sanamu yake iliyozinduliwa Oktoba 2011 imesimama karibu na mahali pale, na nikipita hapo hukuta watu wameegemea kingo zake wakingoja wenzao.

Ibada ya wafu ilifanyika Kanisa Kuu la Holy Family. Msafara wa Rais Kenyatta ulipofika, umati uliupokea kwa mawe na kelele, polisi wakafyatua vitoa machozi, na moshi ukaingia hadi kanisani. Kisha mwili ukapelekwa Rusinga, safari ndefu kupitia miji ambamo watu walisimama kando ya barabara.

Aliyeshtakiwa ni Nahashon Isaac Njenga Njoroge. Alihukumiwa kifo mwezi wa Septemba, na Novemba akanyongwa. Jina lake nalo limo katika orodha ya 1969, mistari michache chini ya jina la Mboya, na hilo ni jambo ambalo orodha za tarehe hulifanya bila aibu: humweka aliyeuawa na aliyenyongwa kwa kumuua katika safu moja, kwa herufi za ukubwa mmoja. Miongoni mwa mashahidi wa upande wa mashtaka alikuwapo mchumi mmoja, Barack Obama, aliyekuwa amekutana na Mboya mtaani muda mfupi kabla ya risasi. Mwanawe mdogo, mwenye jina kama lake, alikuwa anaishi Jakarta na mama yake wakati ule. Tazama jinsi mwaka mmoja unavyoweza kushika nyuzi ambazo haujui zitafumwa wapi.

Kesi iliamua aliyefyatua bunduki. Haikuamua zaidi ya hapo, na nchi ilichemka. Huku Mlima Kenya mabasi na malori yalikuwa yakibeba watu kwenda Gatundu "kunywa chai", maana yake kula kiapo cha kuhakikisha urais hautoki mikononi mwa Wakikuyu, na waliokataa, wengi wao Wakristo, walipigwa. Viongozi wa makanisa walipiga kelele hadharani hadi jambo lile likasitishwa.

Halafu ikaja Kisumu. Tarehe 25 Oktoba Kenyatta alikwenda kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, ile ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la Russia. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa makamu wake na sasa kiongozi wa chama cha upinzani cha KPU, alikuwapo. Maneno makali yakapita kati yao mbele ya watu, mawe yakarushwa, na walinzi wa rais wakafyatua risasi, pale uwanjani na barabarani msafara ukitoka mjini. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa 11. Wakazi wamesema siku zote kwamba walikuwa wengi zaidi, na kwamba watoto walikuwamo. Siku chache baadaye Odinga alikuwa kizuizini na KPU imepigwa marufuku. Naye Wasonga Sijeyo, aliyekuwa amekinyakulia chama hicho kiti cha Gem mwezi wa Mei katika uchaguzi mdogo ulioletwa na kifo cha Argwings-Kodhek, alifungiwa hadi Desemba 1978. Fikiria hilo. Kifo cha Januari kilifungua kiti, kiti kikamtoa mbunge, na mbunge akala kizuizi cha miaka tisa.

Hizo ndizo habari za upande wa vifo, na wengi wetu tunazijua hata kama ni kwa vipande. Sasa tuhamie upande wa pili.

Nina shangazi ambaye kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1969. Hakuzaliwa siku hiyo. Karani alihitaji tarehe, na Januari mosi ilikuwa karibu naye. Nyanya yangu alikuwa na tarehe yake mwenyewe: "Huyu ni mtoto wa mwaka wa Mboya, mimba ilikuwa kubwa tulipotangaziwa redioni." Kwa hesabu hiyo shangazi ni wa Agosti au Septemba. Ndivyo familia nyingi za wakati ule zilivyotunza kumbukumbu. Usajili wa vizazi na vifo ulikuwa bado haujatia mizizi mashambani, kwa hiyo kuzaliwa kwa mtu kulifungwa kwenye kifo cha mtu mashuhuri, au njaa, au mafuriko, au nzige. Mkubwa akifa, anageuka kalenda.

Serikali nayo ilikuwa inahesabu kwa njia yake. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 1969, wiki saba baada ya Mboya kupigwa risasi na miezi miwili kamili kabla ya Kisumu, ilifanyika sensa ya kwanza ya Kenya huru. Hesabu ilikuwa watu 10,942,705. Wakokotozi wa sensa ile walipata kwamba mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto zaidi ya saba, na kwamba kwa kila watu 1,000 walizaliwa watoto 50 hivi kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: ni watoto zaidi ya nusu milioni kwa 1969 peke yake. Lakini kati ya kila 1,000 waliozaliwa, karibu 120 hawakufikisha mwaka. Maelfu kwa maelfu ya watoto walistahili kuandikwa katika orodha zote mbili za mwaka ule, ya kuzaliwa na ya kufariki, na hawamo katika hata moja.

Waliomo ni hawa. Tarehe 13 Juni, Joseph Keter. Tarehe 15 Juni, Maurice Odumbe. Tarehe 17 Juni, Paul Tergat. Watatu ndani ya siku tano, na siku kumi na nane baada ya huyo wa mwisho Mboya akatoka kwenye lile duka la dawa. Makarani wa sensa walipopita Agosti, kila mmoja wa hawa alikuwa kitoto cha miezi miwili, nambari moja zaidi katika fomu ya kaya. Nakiri kwamba tarehe za kuzaliwa za wanariadha wetu wa zamani husomwa kwa jicho la pembeni, kwa sababu zile zile za shangazi yangu. Lakini tarehe hizi ndizo zilizokaa katika rekodi za dunia, nami nazichukua zilivyo.

Sasa twende 1996, mwaka uliowatangaza.

Tarehe 29 Februari, mjini Pune, India, timu ya kriketi ya Kenya ilicheza na West Indies katika Kombe la Dunia. Kenya ilikuwa na wachezaji wa ridhaa, watu wenye kazi zao za kawaida. West Indies ilikuwa na Brian Lara. Kenya ilipiga kwanza ikatolewa yote kwa mikimbio 166, na kila aliyekuwa akitazama alijua mchezo umeisha. Ulikuwa umeisha kweli, ila si kwa upande waliodhani. Lara alidakwa akiwa na mikimbio 8, na nahodha wa Kenya akaja kurusha mpira mwenyewe, akachukua wiketi tatu, yaani akawatoa wapigaji watatu, kwa kuruhusu mikimbio 15 tu. West Indies wote nje kwa 93. Nahodha huyo, aliyetajwa mchezaji bora wa mechi, alikuwa Odumbe, mtoto wa Juni 1969. Miaka minane baadaye alifungiwa miaka mitano kwa kuhusiana na wacheza kamari, na wapo wasiotaka jina lake litajwe tena. Mimi simo. Orodha ya waliozaliwa haiulizi mtu aliishije, na Pune haiwezi kufutwa.

Kisha Julai na Agosti, Atlanta, michezo ya Olimpiki. Tarehe 29 Julai, katika mita 10,000, Tergat alikimbizana na Haile Gebrselassie wa Ethiopia hadi mwisho, akapata fedha. Tarehe 2 Agosti ikawa zamu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Kila Mkenya alimtazamia Moses Kiptanui, bingwa wa dunia mara tatu na mwenye rekodi. Aliyemwacha Kiptanui katika mzunguko wa mwisho alikuwa Keter, ambaye wengi hawakuwa wamemweka hata katika mazungumzo. Ikawa dhahabu, na ndiyo dhahabu pekee ambayo Kenya ilirudi nayo kutoka Atlanta. Mbio hizi zilikuwa za Kenya tangu Amos Biwott aliposhinda Mexico mwaka 1968, miezi michache kabla Keter hajazaliwa.

Basi mwaka 1996 watoto watatu wa wiki moja ya 1969 walikuwa na miaka 26 na 27, na wote watatu walikuwa habari za ukurasa wa kwanza. Sina nadharia juu ya hilo. Nyota za Juni sizijui wala sizitafuti. Naona tu kwamba umri wa mwili wa mwanamichezo una saa yake, na waliozaliwa pamoja hupevuka pamoja.

Wala hawakuwa peke yao. Tarehe 14 Oktoba 1969, siku kumi na moja kabla ya risasi za Kisumu, alizaliwa William Sigei. Huyu ndiye mkimbiaji ninayemwona ameonewa na kumbukumbu zetu kuliko wote. Alishinda mbio za nyika za dunia mwaka 1993, akashinda tena 1994, na Julai ya mwaka huo huo akavunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kule Oslo kwa dakika 26 na sekunde 52.23. Mwaka uliofuata taji la nyika lilichukuliwa na Tergat, naye hakuliachia hadi 1999. Unganisha: kuanzia 1993 hadi 1999, miaka saba mfululizo, bingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa wanaume alikuwa Mkenya aliyezaliwa 1969. Sijui kijiji au chuo gani duniani kingeweza kujigamba hivyo, lakini mwaka mmoja wa Kenya unaweza.

Tergat aliendelea. Sydney, mwaka 2000, alishindwa tena na Gebrselassie, safari hii kwa sekunde 0.09, pengo dogo kuliko lile lililotenganisha wa kwanza na wa pili katika mbio za mita 100 za wanaume kwenye michezo ile ile. Tarehe 28 Septemba 2003 alivunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin kwa saa 2:04:55, mwenzake Sammy Korir akimfuata sekunde moja nyuma. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akienda shule huko Baringo bila kula, hadi Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kuwapa watoto chakula cha mchana darasani. Mwaka 2004 shirika hilo hilo lilimfanya balozi wake wa kupambana na njaa. Nikikumbuka wale watoto karibu 120 kati ya 1,000, sahani ile ya shuleni huonekana kama sehemu ya rekodi ya Berlin.

Ukiziweka orodha mbili kando kwa kando, utaona wafu wa 1969 ni wanasiasa na waliozaliwa ni wanamichezo. Sehemu ya jambo hili inatokana na waandishi wa orodha, ambao hupenda vyeo na medali. Mwalimu wa shule ya msingi aliyezaliwa 1969 akafundisha miaka thelathini hawezi kuingia humo. Lakini sehemu nyingine ni ya kweli kabisa. Kwa waliokuwa vijana katika miaka ya chama kimoja iliyofuata Oktoba ile, siasa ilikuwa chumba chenye mlango mmoja na ufunguo ulikuwa kwa wachache. Uwanja wa riadha haukuhitaji tikiti ya KANU, chama tawala. Saa ya mkononi ilisema umefika wa kwanza au hukufika.

Orodha ya waliozaliwa haijafungwa bado. Watu wa 1969 wako katika miaka ya hamsini, na huenda mmoja wao akawa gavana, mwanasayansi au mwandishi ambaye jina lake litaongezwa hapo kwa kalamu ya mwaka mwingine. Orodha ya waliofariki ndiyo inayodaiwa. Argwings-Kodhek yumo, Mboya yumo, Njenga yumo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotoa ripoti yake mwaka 2013 iliyachunguza mauaji ya Kisumu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hayana kumbukumbu. Ningepewa kalamu, ningeongeza mstari mmoja kati ya Julai na Novemba: 25 Oktoba, Kisumu, wakazi waliokwenda kuona hospitali ikifunguliwa, 11 kwa hesabu ya serikali. Na majina yao yangefuata hapo, moja baada ya jingine, kadiri familia zao zitakavyokubali yaandikwe.